Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya kuongoza kipindi cha mjadala redioni

Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa vijana wa Newala, Nanyumbu, Nachingwea, wakati mwingine hata Songea, wakiuliza namna ya kuingia kwenye kazi hii. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja, lakini maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Naongoza kipindi cha mjadala cha asubuhi katika redio ya wilayani, mkoani Mtwara, na huu ni mwaka wangu wa 11. Ninayoyajua ni ya redio ndogo ya mji mdogo, ambako mtu aliyekupigia simu asubuhi unakutana naye sokoni jioni.

Kazi yenyewe ni nini hasa?

Kumkutanisha mwenye swali na mwenye jibu, hewani, watu wote wakisikia. Wengi wanadhani mtangazaji ndiye anayetakiwa kujua mambo. Mimi siijui korosho kumzidi afisa kilimo, wala siujui uchungu wa kukosa salfa mikorosho ikiwa imeshatoa maua kumzidi mkulima wa Tandahimba. Ninachojua ni kuwaweka hao wawili kwenye mazungumzo mamoja na kuhakikisha swali lililoulizwa ndilo linalojibiwa.

Halafu ipo nusu ya pili ya kazi, ambayo msikilizaji haioni: kufuatilia kama kilichoahidiwa hewani kimetendeka. Nitairudia mara nyingi humu.

Nina sauti nzuri, kila mtu ananiambia. Nianzie wapi?

Anzia redio iliyo karibu nawe, na omba kazi ambayo si ya kuongea. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa leseni kwa ngazi ya taifa, mkoa na wilaya, na zipo pia redio za jamii. Nchi nzima ina vituo vya redio zaidi ya 200. Bila shaka kipo kimoja kinachosikika nyumbani kwenu na kina upungufu wa watu. Nenda asubuhi, vaa vizuri, muulize meneja kama wanapokea wa kujitolea.

Mimi nilianza kwa kupokea simu. Miezi saba nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa studio, nikiwa na simu ndogo mbili na daftari la kurasa 96. Mtu akibipu, nampigia, naandika jina, kijiji na swali, kisha nampenyezea mtangazaji karatasi chini ya mlango. Lile daftari ndilo lililonifundisha kazi. Nilijifunza kwamba mpigaji hasemi shida yake kwanza. Anaanza na salamu, anaingia kwenye mvua, anapitia msiba wa jirani, na ndipo, ukiwa umeshachoka, anasema: "Sasa dada, kuna hiki kisima chetu." Ukimkatisha kwenye mvua, kisima hutakisikia.

Kuhusu sauti: inasaidia, lakini msikilizaji huizoea ndani ya wiki mbili, na baada ya hapo anasikiliza unachouliza. Nimefanya kazi na mwenzangu mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango wa ghala, na Alhamisi, siku yake, mafundi cherehani wa sokoni walikuwa wanasimamisha cherehani ili wamsikie. Fanya zoezi hili kila siku: soma habari moja ya gazeti kwa sauti, jirekodi kwa simu, kisha mpe mtu mzima wa nyumbani asikilize. Mwambie akusimulie alichoelewa. Alichokosa kuelewa ndicho ulichokisoma vibaya.

Je, ni lazima nisome uandishi wa habari?

Kwa Tanzania, ndiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kiwango cha chini cha elimu kilichowekwa ni stashahada. Kitambulisho kinatolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Nawafahamu watangazaji wazuri mno, wenye miaka 15 kwenye maiki, waliolazimika kurudi darasani na vijana wa umri wa watoto wao. Wengine waliondoka kabisa, na niliumia kuwapoteza. Kwa hiyo ukiwa na miaka 19, usiache chuo kwa sababu redio imekupa saa moja ya Jumapili. Soma huku ukijitolea.

Vyuo vipo vingi. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina redio yake, Mlimani, na SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, imetoa watangazaji wengi unaowasikia leo. Ukienda kuuliza nafasi chuoni, usiulize ada tu. Uliza pia mwanafunzi anakaa studioni saa ngapi kwa wiki. Kama studio ni chumba cha kuonyeshwa wageni, tafuta chuo kingine.

Inalipa?

Mwanzoni, hapana. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi, na kuna miezi ilichelewa. Redio ya wilayani inaishi kwa matangazo ya maduka, ya minada, ya vifo na ya shule zinazotafuta wanafunzi, pamoja na vipindi vinavyodhaminiwa na mashirika. Mradi ukiisha, kipindi kinaisha, na mshahara unayumba.

Wengi wetu tuna kazi ya pembeni. Kuna wanaoshereheshea harusi, kuna wanaotengeneza matangazo ya kurekodi, na mimi nalima. Sioni aibu kwa hilo. Aibu ni kufanya kazi miaka mitatu bila mkataba kwa sababu uliogopa kuuliza. Uliza siku ya kwanza: najitolea kwa muda gani, nitapewa nini, na baada ya hapo kuna nafasi au hakuna? Waambie waandike.

Siku ya kazi inakuwaje?

Kipindi changu kinaanza saa 1:00 asubuhi hadi saa 3:00, lakini saa 11:00 alfajiri niko macho. Nakunywa maji ya kawaida, siyo ya baridi, na chai bila maziwa kwa sababu maziwa yananiletea makohozi. Njiani nasikiliza bodaboda wanaongea nini. Saa 12:00 nakutana na fundi mitambo. Tunapima maiki, tunaangalia umeme uko wapi na betri zimejaa kiasi gani, maana umeme ukikatika bila betri, mji mzima unasikia kwaa, halafu kimya. Namwandikia mambo manne kwenye karatasi: mada, mgeni, muda wa matangazo, na mtu tutakayempigia mgeni asipokuja.

Hilo la nne lisikuponyoke. Mgeni atakosa kufika. Ataitwa kikao cha dharura, au gari litaharibika Ndanda. Uwe na mtu wa pili aliyekubali tangu jana.

Baada ya saa 3:00 watu hudhani nimemaliza. Hapo ndipo nafungua daftari. Nina daftari moja la ahadi tu: tarehe, jina la aliyeahidi, alichosema neno kwa neno, na siku aliyosema kitakuwa tayari. Kila Jumatatu nusu saa ya mwisho ya kipindi ni ya daftari hilo. Nasoma ahadi iliyofika tarehe yake, nampigia simu aliyeahidi, tunazungumza. Mkuu wa idara mmoja aliwahi kuniambia kwamba anaogopa Jumatatu kuliko kikao cha baraza la madiwani. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Mchana ni wa kutafuta mada. Mada hazipatikani ofisini. Nenda kituo cha afya ukae foleni, nenda mnadani, nenda msikitini na kanisani, nenda penye bomba la maji saa kumi jioni.

Unaandaaje maswali?

Swali liwe fupi na liwe moja. Mtangazaji mchanga huuliza matatu kwa pamoja, na mgeni mjanja hujibu jepesi kati ya hayo. Uliza nani, lini, wapi, shilingi ngapi. Usianze na "huoni kwamba," kwa sababu hapo umeshatoa maoni yako na mgeni atajibu maoni badala ya kujibu swali.

Na ukishauliza, nyamaza. Hili niliambiwa na kila mtu, lakini nilikuja kulielewa asubuhi moja ya msimu wa korosho.

Kwa wasio wa kusini, nieleze kidogo. Mkulima hapa hauzi korosho zake mwenyewe sokoni. Anazipeleka ghala la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa na kupangwa daraja, anapewa risiti, kisha zinauzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi akilipa, fedha zinapita benki hadi kwenye akaunti ya mkulima, makato yakiwa yameshaondolewa. Kati ya ghala na akaunti kuna watu wengi na makaratasi mengi. Mwenye haraka au mwenye mgonjwa nyumbani anaishia kuuza kwa kangomba, yaani kwa bakuli, kwa mtu wa kichochoroni, kwa bei ya kuumiza.

Asubuhi hiyo nilikuwa na afisa ushirika na katibu wa chama kimoja cha msingi. Akapiga bibi mmoja. Alisalimia, akauliza hali ya watoto wangu, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilipeleka kilo 312. Wenzangu wa mnada uleule wameshalipwa. Mimi kila nikienda benki naambiwa hakuna kitu."

Afisa akajibu kwamba malipo yanaendelea kuchakatwa. Nikauliza: "Yanachakatwa wapi, na nani?"

Kimya. Saa ya ukutani studioni ina mshale mwekundu wa sekunde, na niliutazama. Sekunde nne. Sekunde sita. Fundi mitambo alishapeleka kidole kwenye kitufe cha muziki wa kipindi, maana tumefundishwa kwamba kimya hewani ni ajali. Nikainua mkono kumzuia. Sekunde tisa. Katibu alikuwa anakunja na kukunjua kona ya karatasi yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna majina 41 yamerudishwa na benki kwa sababu ya makosa ya namba za akaunti, na orodha anayo yeye, iko kwenye faili, hajawaambia wenyewe.

Watu 41! Bibi alikuwa mmoja tu. Kama ningejaza kile kimya kwa maneno yangu, au muziki ungepigwa, tungeagana kwa "malipo yanaendelea kuchakatwa" na kila mmoja angeenda nyumbani.

Baada ya kipindi nilimpigia bibi nje ya hewa. Mjukuu wake akanisomea namba iliyo kwenye kitabu cha benki, katibu akanisomea iliyo kwenye faili. Zilipishana tarakimu moja: 6 ilikuwa imeandikwa 0. Kumbuka nilivyofanya hapo: namba ya akaunti ya mtu haisomwi hewani, hata kama msomaji ni mwenyewe. Jumatatu iliyofuata nikamuuliza katibu hewani: wamebaki wangapi? Akasema 28. Jumatatu nyingine, 17. Kisha watatu. Wiki ya tano akasema hakuna, na simu mbili kutoka kijijini zikathibitisha.

Bibi alipiga tena mwezi uliofuata. Hakupiga kushukuru. Aliuliza kama najua duka linalouza bati za geji 28 kwa bei nafuu.

Kiongozi akitaka maswali yote kabla ya kipindi nifanye nini?

Mpe mada, na mpe muda wa kutafuta takwimu zake. Hiyo ni haki yake, na inawasaidia wasikilizaji pia. Maswali usimpe. Mwambie kwa heshima kwamba hata wewe hujui wananchi watauliza nini, na ni kweli.

Akikataa kuja, sema hewani kwa sentensi moja kwamba alialikwa na hakufika, taja tarehe ya mwaliko, endelea na kipindi. Bila kejeli. Usimvunjie heshima mtu asiyekuwepo. Akija na akakwepa swali, lirudie kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Mara ya pili msikilizaji anaelewa. Mara ya tatu anaelewa zaidi, na hapo usiendelee, hukumu ni ya wasikilizaji. "Mheshimiwa" itoshe mara moja mwanzoni na moja mwishoni. Ukiitia kwenye kila sentensi unajipiga magoti mwenyewe.

Mpigaji akimtukana mtu au kumtuhumu hewani?

Hapa nitasema kosa langu, kwa sababu lilimuumiza mtu.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na mada ya wizi wa pikipiki. Mpigaji mmoja akataja jina la kijana wa mtaa fulani kwamba ndiye anayezinunua. Sikumkatisha. Nilijiambia kwamba ni mwananchi anatoa taarifa. Nilimuuliza hata yuko mtaa gani. Saa 5:00 asubuhi yule kijana alikuwa nje ya ofisi yetu, amekuja mbio, shati limelowa jasho, na nyuma yake mama yake analia. Kumbe alikuwa na ugomvi wa kiwanja na yule mpigaji. Watu walikuwa wameanza kukusanyika nyumbani kwake. Unajua mji unavyofanya ukisikia neno mwizi.

Tulimpeleka polisi kwa usalama wake, na saa 7:00 mchana nikafungua maiki, nikasema jina lake, nikasema kwamba tulichorusha hakikuthibitishwa, kosa ni langu, na nikamwomba radhi yeye na mama yake. Nilirudia kesho yake saa ileile ya kosa, kwa sababu aliyesikia tuhuma saa 2:00 asubuhi hakusikia radhi saa 7:00 mchana. Kijana yupo, tunasalimiana. Lakini mama yake hadi leo akiniona anabadilisha njia.

Tangu siku hiyo hakuna simu inayoingia hewani bila mtu kuipokea kwanza. Redio kubwa zina mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, sisi hatuna. Tuna daftari, na tuna kidole cha fundi mitambo kwenye kitasa cha sauti ya simu. Mpigaji akianza kutaja jina la mtu kwa jambo baya, simu inashushwa, nami nasema: "Hilo lipelekwe polisi, hapa tuzungumzie mada." Matusi vivyo hivyo. TCRA ina Kamati ya Maudhui, na kituo kinaweza kutozwa faini au kufungiwa kwa maneno ya mpigaji. Lakini mimi nikishika kile kitasa simkumbuki TCRA. Namkumbuka yule mama.

Kwa wanaoona nakuza jambo: mwaka 2000, hapa hapa nchini, Arusha, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimhukumu mtangazaji wa redio RTLM, Georges Ruggiu, kifungo cha miaka 12 kwa uchochezi wa hewani. Hakushika panga. Alishika maiki.

Naweza kutangaza kwa Kimakonde au Kiyao?

Kanuni za Tanzania zinataka Kiswahili au Kiingereza. Kenya ni tofauti: huko Kameme, Ramogi, Inooro na nyingine nyingi zinarusha matangazo kwa lugha za makabila. Kwetu, mzee akishindwa Kiswahili, mimi namwacha aseme sentensi zake kisha natafsiri mara moja. Usimwambie anyamaze. Na tafsiri yote, siyo unachokipenda.

Kwangu lugha inayosumbua zaidi ni ile ya ofisini. Mgeni anasema "tunatekeleza afua za lishe kwa kushirikisha wadau." Namuuliza: nikiwa mama mwenye mtoto wa miezi minane pale Lulindi, kesho asubuhi kitabadilika nini nyumbani kwangu? Anacheka kidogo, kisha anasema atapewa uji wa lishe na mtoto atapimwa uzito kila mwezi. Sasa tumezungumza.

Vipi kuhusu bahasha?

Utapewa. Itaitwa nauli, chai, au "ya vocha." Wengi wetu hatulipwi vizuri na najua bahasha inavyovuta mtu ambaye hajalipa kodi ya chumba. Bado nasema usichukue. Mji ni mdogo. Aliyekupa ataisema, na siku utakapomuuliza swali gumu atakutazama machoni akitabasamu. Nauli ilipwe na kituo. Kama kituo hakiwezi, mwite mgeni kwa simu.

Mimi ni msichana. Kuna nini nikijue?

Utapigiwa simu usiku na watu wanaodhani sauti yako ni yao. Usitoe namba yako binafsi hewani hata siku moja, tumia ya studio. Kipindi cha alfajiri au cha usiku, kituo kipange usafiri, na hilo liingie kwenye mkataba. Kuna watakaokupa vipindi vya mapishi na mapenzi kana kwamba ndivyo ulivyozaliwa navyo. Kama unavipenda, vifanye vizuri. Kama unataka ardhi, bajeti ya halmashauri na korosho, sema unataka hivyo, na uje na mada tatu zilizoandikwa. Mimi nilikuja na tano. Bosi akikutaka kimapenzi ili upewe kipindi, hiyo ni rushwa ya ngono na sheria inaitambua kuwa kosa. Andika tarehe na maneno, mwambie mtu unayemwamini, ripoti. Usikae nayo peke yako.

Wakati wa uchaguzi kunabadilika nini?

Muda. Kila chama kipate dakika sawa, saa sawa, na mtangazaji yuleyule. Mimi hutumia saa ya simu nikaiweka mezani wagombea wote waione. Ukitaka kugombea udiwani, na wapo watangazaji wengi wanaotaka kwa sababu mji unawajua, achia maiki mapema, kabla hujaanza kuwaza kura.

Simu janja hazitaiua redio?

Hapa kwetu bado. Redio ya simu ndogo haili bando, na mkulima anaisikiliza akiwa mikono ndani ya majani. Simu janja zimetusaidia: mtu anatuma sauti ya dakika moja kutoka shambani, tunasikia hadi upepo. Shida yake ni uvumi. Kila asubuhi nakuta kwenye makundi habari tatu za kutisha, na mbili ni za mwaka juzi au za nchi nyingine. Piga simu kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hujafungua mdomo.

Naogopa maiki.

Na mimi naogopa, dakika mbili za kwanza, kila siku. Mfikirie mtu mmoja tu unayemjua anakusikiliza. Wangu ni shangazi yangu, anapepeta mchele.

Nisikilize watangazaji gani ili nijifunze?

Tafuta rekodi za Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kuanzia 1966 akaendesha "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichodumu kwa miongo. Sikiliza alivyokuwa anachukua jambo dogo, mtu kuchungulia barua ya mwenzake au kuingia bila hodi, akaligeuza kuwa mjadala wa nchi nzima bila kumtukana yeyote. Ni huyo huyo ambaye Agosti 1, 1982 wanajeshi walimtoa nyumbani alfajiri wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Maiki ina watu wanaoitamani kwa sababu zao. Alifariki Februari 2025, na siku hiyo nilifungua kipindi changu kwa swali la ungwana.

Kwetu, msikilize Julius Nyaisanga, Anko J. Alipita Radio Tanzania na Radio One, mji mzima wa Dar es Salaam ukimjua, na alipofariki mwaka 2013 alikuwa Morogoro, Abood Media, redio ya mkoani.

Kwa hiyo nisiende Dar?

Nenda ukiitwa kwa kazi unayoitaka. Ninachokataa ni ule usemi kwamba redio ya wilayani ni ngazi ya kukanyagwa. Dar nitakuwa sauti moja kati ya nyingi, na kipindi cha mjadala kitaongelea bunge na ligi kuu. Nani atawauliza viongozi kuhusu kivuko cha Ruvuma, au zahanati ambayo imejengwa na haina mganga? Niliwahi kuitwa, nilifika hadi kwenye usaili, nikarudi. Daftari la ahadi lilikuwa na kurasa 60 ambazo hazijafungwa.

Naweza kuja kukaa studioni siku moja nione?

Ndiyo, na huhitaji barua. Njoo kituo chochote kilicho karibu nawe, ongea na meneja siku moja kabla. Ukija kwetu, fika saa 12:00 asubuhi, siyo saa 1:00, kwa sababu mlango unafungwa taa nyekundu ikiwaka. Zima simu yako kabisa, mtikisiko wake unasikika kwenye maiki. Vaa nguo isiyo na vifungo vya kugonga meza. Utakaa kwenye kile kiti cha plastiki nje ya mlango, bado kipo, mguu mmoja tumeufunga kwa waya. Njoo na kalamu. Daftari la kupokelea simu tutakupa.